UZI: Mchezo wa kununua mitaa na hali ya viwanja vyetu Dodoma

#1 MpangajiWaIpagala

Wanajamvi, mbukwenyi. Naomba niwasilishe jambo ambalo mwanzoni litaonekana la kitoto, lakini limenikaa kichwani tangu Jumapili.

Wifi yangu alikuja kutoka Dar es Salaam kwa treni ya umeme akiwa na boksi la Monopoly, ule mchezo wa ubao wa kununua mitaa na kutozana kodi, alilolikuta kwenye mitumba. Boksi lenyewe lilikuwa limezungushiwa gundi ya karatasi pembe zote. Dadu moja haikuwemo, tukaazima ya ludo, na noti za mia tano zilikuwa zimebaki tatu, kwa hiyo mwanangu wa miaka 12 alikata nyingine kutoka kwenye daftari lake la hesabu na kuziandika kwa kalamu nyekundu. Kete ya kaka yangu ilikuwa kifuniko cha soda. Tuliketi mkekani watu watano baada ya chakula cha mchana, tukacheza hadi magharibi.

Kaka yangu ni mtumishi wa umma aliyehamia Dodoma mwaka 2017, naye amepanga eneo la Kisasa. Haji kwetu siku hata moja bila kumlalamikia mwenye nyumba wake anayetaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na dalali aliyekula kodi ya mwezi mzima kwa kazi ya kumfungulia mlango. Mtu huyo huyo, alipokamilisha mitaa mitatu ya rangi ya chungwa na mitatu ya waridi, alijenga nyumba nne katika kila kiwanja, halafu akagoma kupandisha hoteli. Kwa wasioujua mchezo huu, boksi zima lina nyumba 32 na hoteli 12 tu, na mtu akipandisha hoteli nyumba zake nne hurudi benki ili wengine wazinunue. Kaka alikuwa ameshika nyumba 24. Nane zilizobaki zilikuwa za jirani yetu. Mimi nilikuwa na mitaa yangu iliyokamilika na pesa ya kujengea mkononi, lakini benki haikuwa na nyumba hata moja ya kuniuzia, na kanuni hairuhusu kuruka moja kwa moja hadi hoteli. Nilipomwomba apandishe, alinijibu kwa upole kabisa: «Dada, mimi nimeridhika na hizi.»

Nakiri kwamba nilikasirika kana kwamba yeye ndiye mwenye nyumba wangu. Hata hivyo hakuwa amevunja kanuni yoyote, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Kesho yake nilikuwa na shughuli Iyumbu. Njiani nilihesabu viwanja ambavyo bikoni zake (mawe ya mipaka) zimefunikwa na majani, vingine vina msingi uliojengwa hadi usawa wa magoti na kuachwa, ukiwa umeota miba katikati pale ambapo pangekuwa sebule. Baada ya viwanja ishirini na kitu niliacha kuhesabu. Sisi wapangaji tunagombania vyumba na kodi inapanda kila mkataba unapokwisha, wakati ardhi iliyopimwa imelala.

Nilipotafuta chimbuko la mchezo wenyewe nilistaajabu. Mwaka 1904 mwanamke wa Kimarekani aitwaye Elizabeth Magie alipewa hataza (haki ya kisheria ya mbunifu) ya mchezo alioubuni ili kuwaonesha watu ubaya wa mtu mmoja kuhodhi ardhi na kuishi kwa kodi ya wenzake. Alikuwa mfuasi wa mawazo ya Henry George, mwanauchumi aliyetaka kodi itozwe juu ya thamani ya ardhi. Mchezo ulizunguka mikononi mwa watu miaka mingi, ukabadilishwa hapa na pale, hadi kampuni ya Parker Brothers ilipoanza kuuza Monopoly mwaka 1935 kama burudani ya kutajirika. Kilichokuwa onyo kikawa shabaha.

Jambo la pili nililogundua ni kwamba tulikuwa tukicheza kimakosa. Kanuni iliyoandikwa inasema kwamba mchezaji akifika kwenye kiwanja kisicho na mwenyewe na akakataa kukinunua, kiwanja kinanadiwa papo hapo kwa wachezaji wote. Sisi tulikuwa tunakiacha tu, na sidhani kama ni familia yetu peke yake. Kumbe kanuni ambayo ingempa mwenye pesa kidogo nafasi ya kupata kiwanja kwa bei ya chini ndiyo tuliyoiruka, kwa sababu inachelewesha mchezo.

Swali langu ni hili: viwanja vyetu hapa mjini vina kanuni mbaya, au kanuni ni nzuri ila tunaziruka zile zinazotubana?

#2 KingiWaDrafti

Mkuu, nimesoma bandiko lako lote kwa heshima, lakini naona unautwisha ubao wa karatasi mzigo usio wake. Njoo siku moja Majengo, karibu na soko, ucheze drafti na wazee. Kila mtu ana visoda 12, mmoja amevilaza chali na mwingine kifudifudi, na hakuna dadu wala benki wala kadi ya bahati. Ukifungwa umefungwa na akili ya mwenzako. Mchezo unaotegemea dadu hauwezi kumfundisha mtu siasa ya ardhi, na ukiona unafanana na maisha ni kwa sababu uliingia kwenye mkeka ukiwa na hasira ya mwenye nyumba wako.

Ila kuhusu dalali nakuunga mkono mia kwa mia.

#3 Mtumishi2017

Ndugu mwanzisha uzi, mimi nami nilihamia mwaka huo huo, na nina kiwanja Nala ambacho bikoni zake, nasikitika kusema, zimefunikwa na majani. Naomba nizungumze kwa niaba ya wale uliowahesabu barabarani.

Kwanza tukumbuke ukubwa wa jambo lenyewe. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanyika mwaka 1973, lakini kwa zaidi ya miaka arobaini wengi tuliuchukulia kama hadithi, hadi Julai 2016 ulipotolewa msimamo kwamba Serikali inahama kweli. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 katika manispaa hii. Sensa ya mwaka 2022 ikahesabu 765,179 katika jiji. Hakuna mji ambao ungepokea watu wengi kiasi hicho ndani ya muongo mmoja bila kodi kupanda.

Pili, mwenye kiwanja kisichojengwa si lazima awe mhodhi. Mimi nilikopa nikalipia kiwanja, mkopo ukaniacha na mshahara wa kula na kusomesha tu. Eneo lenyewe lilipopimwa halikuwa na maji wala barabara inayopitika masika, na lori la mchanga lilipofika mara ya kwanza lilizama, dereva akataka alipwe siku mbili. Kaka yako mkekani alikuwa na uwezo wa kupandisha hoteli akakataa. Mimi sina uwezo, na kwa anayepita barabarani sisi wawili tunaonekana sawa.

Tatu, hapa kwetu hakuna anayemiliki ardhi kama inavyomilikiwa kwenye huo mchezo. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inasema ardhi yote ni ya umma chini ya Rais kama mdhamini. Tulicho nacho ni haki ya kuitumia kwa muda usiozidi miaka 99, tena kwa masharti, likiwemo la kuendeleza. Hati yangu imeandikwa miezi 36. Kwa hiyo kanuni uliyoitamani ipo, na kila ninapoikumbuka nakosa raha.

#4 MwenyejiWaHombolo

Nimewasoma kwa utulivu. Kuna jambo ambalo nyote mmelipita, na halinishangazi kwa kuwa ninyi ni wageni wetu, na mgeni anauanzia mji siku aliyofika.

Huyo mwanamke wa Marekani alifanya kazi nzuri, lakini ubao wake unaanza na viwanja vyote vikiwa benki. Mchezaji wa kwanza anarusha dadu, anafika mahali, anakuta patupu, ananunua kwa benki. Hakuna mtu aliyekuwa akilima uwele hapo kabla hajafika. Hapa kwetu palikuwa na mashamba, mazizi na makaburi ya wazee wetu. Upimaji ulipofika, baadhi yetu tulilipwa fidia, baadhi tuliuza wenyewe kabla haujafika, kwa bei ambayo wakati ule tuliiona kubwa kwa sababu tulikuwa tunailinganisha na bei ya mbuzi. Aliyenunua kwangu alikata eneo vipande vinne, na kipande kimoja tu kilimrudishia alichonipa pamoja na faida. Simlaumu, maana niliweka dole gumba kwa hiari yangu mbele ya mjumbe.

Tena mmesahau kwamba benki yenyewe imebadilika. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu iliundwa mwaka 1973, na kwa miaka mingi hati ilizotoa zilikuwa za miaka 33 wakati wenzetu wa mikoa mingine walipewa za miaka 99. Ilivunjwa mwaka 2017, shughuli zake zikahamia Manispaa, ambayo mwaka uliofuata ikawa Jiji. Mtu aliyeanza kushughulikia kiwanja chake chini ya utaratibu mmoja na kumalizia chini ya mwingine anafahamu maana ya kubadilishiwa kanuni dadu ikiwa bado inazunguka.

Kwa hiyo mnapobishana juu ya nyumba 32, mjue wapo watu ambao kwenye mchezo huo hawana hata kifuniko cha soda. Wao ni ule ubao wenyewe.

#5 Kete64

Mzee wa Hombolo, shikamoo. Umesema neno zito, nami sitalijibu kwa sababu sina jibu lake. Nimeingia kwa ajili ya ndugu wa drafti, ambaye anadhani mchezo ukianza na mgawanyo sawa basi hauna la kusema juu ya mali.

Tazama bao la kiswahili. Lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane manane, na kete 64, ambazo kwa desturi ni mbegu za mkomwe. Kila mchezaji anaanza na kete 10 ubaoni, sita ndani ya shimo la mraba liitwalo nyumba na mbili mbili katika mashimo mawili ya jirani, kisha anabaki na 22 mkononi ambazo ananamua, yaani anaziingiza ubaoni, moja moja. Hakuna kete inayotupwa nje. Unachokula kwa mwenzako unakisambaza upande wako, na kesho yake huenda akakila tena. Mnaweza kucheza saa nzima na kete ni zile zile 64, isipokuwa zinahama. Nimewasikia watu wakisema ndiyo maana Mwalimu Nyerere alilipenda bao, lakini mimi maneno hayo siyaamini, nadhani alilipenda kwa sababu ni gumu.

Sasa sikilizeni habari ya nyumba. Lile shimo la mraba lina upendeleo wake: kete yako ya mwisho ikiishia humo wakati unakula, unaruhusiwa kulala, yaani kuacha kete zote palepale na kumpisha mwenzako, au kusafiri, yaani kuzichota zote na kuendelea. Wanaojifunza wote wanapenda kulala. Wanaitazama nyumba ikinenepa, kete 12, kete 15, kete 18, na wanajiona matajiri. Fundi anawaachia. Anapanga kete zake upande wa pili taratibu kama mtu anayekuna nazi, na siku akipata njia anaila nyumba nzima kwa mkono mmoja, na mchezo umekwisha hapo ingawa kete 22 hazijamalizika kunamuliwa. Mwanafunzi hutazama safu yake ya mbele imebaki na mashimo mawili yenye kete moja moja, asielewe kilichompata.

Ninachotaka kusema ni kwamba bao nalo linaruhusu kuhodhi, ila mwenye kuhodhi anabeba hatari muda wote. Katika Monopoly mwenye nyumba 24 hatozwi chochote kwa kuzishikilia, isipokuwa akiokota kadi ya matengenezo, kama ile ya barabara inayodai 40 kwa kila nyumba. Kwa kaka yako ingekuwa 960, na naapa angepandisha hoteli upesi sana. Lakini kadi hiyo inakuja kwa bahati. Kwenye ardhi yetu ipo kodi ya pango la ardhi ambayo inadaiwa kila mwaka, na hapo ndipo ningependa mjadala huu uelekee badala ya kuhesabu miba ya Iyumbu.

#6 MpangajiWaIpagala

Nawashukuru nyote. Mtumishi2017, naomba radhi kwa kukuhesabu bila kukufahamu. Mzee wangu wa Hombolo, shikamoo, nimesoma bandiko lako mara tatu na nimemsomea kaka pia, naye amekaa kimya, jambo ambalo si kawaida yake.

Kete64, umenipa wazo. Jumamosi hii wifi bado yupo, na nimependekeza tucheze upya kwa kanuni tatu. Kwanza, mnada ufuatwe kama ulivyoandikwa. Pili, kila anayepita mwanzo na kupokea 200 zake alipie benki 10 kwa kila nyumba aliyoishikilia, iwe ndiyo pango la ardhi. Tatu, kwa kuiga ile miezi 36, mtu akikamilisha rangi na asijenge chochote ndani ya mizunguko mitatu ya ubao, mitaa yake inarudi benki na kunadiwa. Mwanangu amekwisha kuziandika nyuma ya boksi.

#7 MwenyejiWaHombolo

Marahaba, mama. Kanuni ya kwanza nzuri. Ya pili sina neno. Hiyo ya tatu ifikirie tena kabla hamjarusha dadu: mwenye nyumba 24 ameshajenga, haitamgusa. Itamgusa nani?

#8 KingiWaDrafti

Na ile desturi ya kuweka faini katikati ya ubao, mtu akisimama kwenye egesho la bure anazichukua zote, mnaifuata? Nauliza kwa sababu shemeji yangu anaitetea kama Katiba, na mimi nimeanza kushuku kwamba haimo kwenye kanuni. Msinielewe vibaya, bado nasema drafti ndiyo mchezo.

#9 MpangajiWaIpagala

KingiWaDrafti, haimo. Fedha hizo zinapaswa kwenda benki, na kuziacha katikati kunaongeza pesa mkononi mwa watu na kuufanya mchezo usiishe. Mwambie shemeji kwa upole.

Sasa taarifa ya Jumamosi. Tulianza saa tisa alasiri. Mnada ulibadilisha kila kitu mapema: jirani yetu, ambaye Jumapili hakuwa na kitu hadi katikati ya mchezo, alinunua mtaa mmoja kwa 30 kwa sababu sote tulikuwa tumebana pesa tukisubiri mitaa tunayoitaka. Kelele zilikuwa kubwa kuliko kwenye mnada wa ng'ombe. Pango la ardhi nalo lilifanya kazi yake, maana kaka alipandisha hoteli mbili bila kuombwa na mtu, huku akinung'unika kwamba benki inaonea wawekezaji.

Mwanangu hakununua mitaa mingi. Alinunua stesheni za reli, moja baada ya nyingine, zote nne, na kwa kuwa anayemiliki zote nne anatoza 200 kwa kila anayesimama kwenye mojawapo, na reli haina nyumba za kulipiwa pango, alikaa kimya pembeni akipanga noti zake za daftari kwa safu. Tulimcheka mwanzoni.

Mimi nilikamilisha rangi ya kijani, mitaa mitatu ya bei ya juu, na kwa mara ya kwanza nilijiona mwenye mji. Nyumba moja ya kijani ni 200. Kuinunua ile mitaa kulinimaliza, kwa hiyo nilisubiri kupita mwanzo nipokee 200 zangu nijenge hata kibanda. Nilipita, nikapokea, na kabla sijatamka neno la kujenga nikasimama kwenye stesheni. Mzunguko wa pili ikawa hivyo hivyo, isipokuwa ilikuwa stesheni nyingine. Mtaa wangu mdogo wa rangi ya kahawia nilikwisha kuuweka rehani ili nilipe kodi ya hoteli ya kaka. Mzunguko wa tatu nilipita mwanzo nikiwa nadaiwa.

Wifi alisoma kanuni ya tatu kwa sauti kutoka nyuma ya boksi. Nilijaribu kueleza kwamba sikukataa kujenga, kwamba nilikuwa na nia, kwamba ningepewa mzunguko mmoja tu zaidi. Kaka aliniangalia, akamtazama wifi, akasema kanuni ni kanuni na aliyeitunga ni mimi.

Mitaa yangu ya kijani ilinadiwa saa moja na nusu usiku. Aliyeshinda mnada ni mwanangu, kwa noti za kalamu nyekundu alizonitoza mimi mwenyewe.